Ajuaye Kama Mpira Umepita

Ziko herufi tatu ambazo miaka michache iliyopita hazikujulikana kwetu, na leo hata bibi asiyewahi kukanyaga uwanja wa mpira azijua. Ndugu wakibishana nyumbani nani aliyemaliza sukari, mtoto hucheka akasema, “Twendeni VAR.” Maana yake ni mwamuzi msaidizi wa video, yaani mtu akaaye chumbani mbele ya picha, ayatazamaye tena yaliyotokea uwanjani, na kumwambia refa ikiwa amekosea. Wiki hii twapenda kusema neno juu ya jambo hilo. Labda wengine watauliza gazeti la dini lina nini na mpira. Twawajibu ya kwamba palipo na haki na dhuluma, kweli na uongo, hapo neno la Mungu lina kazi. Na mambo hayo manne hukutana uwanjani kila Jumapili alasiri.

Wengi wetu twaikumbuka jioni ya tarehe 5 Aprili 2024. Katika uwanja wa Loftus Versfeld, mjini Pretoria, Young Africans ilirudiana na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mchezo wa kwanza, Dar es Salaam, ulikuwa umekwisha bila bao. Katika kipindi cha pili Stephane Aziz Ki alipiga shuti kali kutoka mbali. Mpira ukagonga mtambaa wa panya, ukadunda chini, ukarudi uwanjani. Je, ulikuwa umepita mstari? VAR ilikuwapo. Refa hakwenda kuitazama picha kwa macho yake mwenyewe, na bao halikukubaliwa. Mchezo ukaishia kwenye penalti, Sundowns wakashinda 3 kwa 2. Usiku ule, katika vibanda umiza vya nchi nzima, watu wazima walilia.

Lakini si wote waliolia. Wako waliocheka na kupiga vigelegele, si kwa sababu waliona vema kuliko wengine, bali kwa sababu aliyeumizwa alikuwa mtani wao. Mwaka mmoja ukapita. Mwezi Mei 2025, katika uwanja wa Amaan, Zanzibar, Simba ilicheza na RS Berkane ya Moroko fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho. Bao la Simba likafutwa baada ya VAR kuonyesha kuwa mfungaji ameotea. Waliocheka mwaka 2024 wakawa wenye kulia, na waliolia wakacheka. Wahenga walisema, akipenda chongo huita kengeza. Na tena walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Picha ilikuwa moja kwa wote, lakini kila mmoja aliitazama kwa macho ya timu yake.

Tusieleweke vibaya. Sisi hatuidharau mashine. Aliyetoka jasho astahili kupewa kilicho chake, na chombo chochote kimsaidiacho mwamuzi kutoa haki ni chombo chema. Tarehe 22 Juni 1986, huko Mexico, Diego Maradona aliwafunga Waingereza kwa mkono. Refa hakuona, bao likahesabiwa, na Argentina ikashinda 2 kwa 1. Maradona akasema bao lile lilitokana na kichwa chake kidogo na mkono wa Mungu kidogo. Watu walicheka, nasi twajua alitania. Walakini mkono wa Mungu hauibi. Mwaka 2010, Afrika Kusini, Waingereza walidhulumiwa tena: shuti la Frank Lampard dhidi ya Ujerumani lilipita mstari waziwazi, dunia yote ikaona isipokuwa waamuzi. Kwa sababu ya aibu ile, mwaka 2012 Bodi ya Kimataifa ya Sheria za Mpira ilikubali kamera maalumu za mstari wa goli, ambazo humwarifu refa kwa saa ya mkononi kabla ya sekunde moja kupita. Mwezi Machi 2018 bodi hiyo ikaiandika VAR katika sheria, na Kombe la Dunia la mwaka huo, huko Urusi, likachezwa kwa sheria hiyo. Basi sheria zimerekebishwa kwa sababu watu waliumizwa. Jambo hilo ni jema, nasi twalisifu.

Wala kurudia hukumu si jambo geni kwetu sisi Wakatoliki. Twasoma katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli habari za Susana, mke mwadilifu. Wazee wawili, waamuzi wa watu, walimsingizia uzinzi. Baraza likawasadiki kwa sababu ya mvi zao na cheo chao, likamhukumu mwanamke kufa. Walipokuwa wakimpeleka, Danieli, aliyekuwa kijana bado, alipaza sauti akawarudisha barazani. Akawatenga wale mashahidi, akamwuliza kila mmoja peke yake aliwaona chini ya mti gani. Mmoja akataja mti huu, mwingine mti ule. Uongo ukafichuka, na damu isiyo na hatia ikaokolewa. Haraka haraka haina baraka, hasa kwa mwenye kuhukumu. Refa asimamishaye mchezo, akaenda mbele ya picha, akarudi na kubadili neno lake mbele ya maelfu ya watu, amefanya tendo la unyenyekevu ambalo wakubwa wengi hawaliwezi maofisini mwao, na akina baba wengi hawaliwezi nyumbani mwao.

Lakini tuisome habari ya Susana mpaka mwisho wake. Je, wale wazee wawili walikuwa na kasoro ya macho? La. Waliona vizuri kabisa. Maandiko yatuambia ya kwamba waliyageuza macho yao yasielekee mbinguni wala kukumbuka hukumu za haki. Ubovu ulikuwa moyoni, na moyo mbovu hauponywi kwa kuongezewa macho.

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Mashine yaweza kulisaidia jicho, moyo haiufikii. Tazameni mifano. Tarehe 17 Juni 2020, Uingereza, kipa wa Aston Villa alivuka mstari wa goli lake na mpira mikononi, na ile mitambo ya mstari haikutoa ishara yoyote, kwa kuwa kamera zilizibwa na miili ya watu. Tarehe 30 Septemba 2023, Liverpool walifunga bao halali dhidi ya Tottenham. Picha ilionyesha kweli. Lakini mtu wa chumbani alidhani refa amekwisha kulikubali, akasema yote ni sawa, kumbe uwanjani bao lilikuwa limekataliwa. Mashine iliona, watu hawakusikilizana. Na hapa Afrika, tarehe 31 Mei 2019, katika fainali ya mabingwa kati ya Espérance ya Tunisia na Wydad ya Moroko, bao la Wydad lilikataliwa. Wachezaji wakaomba VAR, wakaambiwa haifanyi kazi siku ile. Wakagoma kuendelea, na mchezo ukafia hapo.

Waliotunga sheria hawakuwa wajinga; walijua hayo. Ndiyo maana waliifunga VAR katika mambo manne tu: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kumwadhibu mchezaji asiyehusika. Tena yaingia pale tu penye kosa lililo wazi, au jambo kubwa lililompita refa. Na sheria yasema ya kwamba refa lazima aamue kwanza kana kwamba VAR haipo, na neno la mwisho ni lake. Hata wenye mitambo ya thamani kubwa wameona kwamba hukumu haiwezi kuondolewa mikononi mwa mtu mwenye dhamiri. Na mtu huyo asipokuwa na dhamiri, mitambo itafanya nini?

Historia ya sheria za mpira yenyewe yafundisha. Bodi tuliyoitaja ilikutana mara ya kwanza mwaka 1886. Siku zile kila timu ilikuja na mwamuzi wake, na refa alikaa kando ya uwanja, akiulizwa tu hao wawili wasipopatana. Mwaka 1891 refa aliingizwa uwanjani, na adhabu ya penalti ikaanzishwa. Baadhi ya mabwana wa Uingereza walichukizwa na penalti, wakisema sheria hiyo yawadhania kuwa watu wa kukosea makusudi. Mwaka 1970, katika Kombe la Dunia, zikaja kadi za njano na nyekundu. Kisha kamera, kisha VAR. Kila mioyo ilipokuwa migumu, sheria iliongezwa. Bwana wetu alisema jambo kama hilo juu ya sheria ya Musa kuhusu talaka, ya kuwa iliruhusiwa kwa sababu ya ugumu wa mioyo ya watu. Wingi wa sheria si dalili ya utakatifu. Mara nyingi ni dalili ya kwamba watu hawaaminiani tena.

Sasa, wasomaji wapendwa, tutoke katika viwanja vikubwa vyenye kamera, twende Misunkumilo.

Misunkumilo ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Siku moja ya sikukuu tulikuwa huko, na alasiri vijana wa jumuiya mbili walicheza mpira kugombea mbuzi. Magoli yalikuwa ya miti, bila nyavu. Mstari wa goli ulichorwa kwa majivu, na kufikia kipindi cha pili nyayo zilikuwa zimekwisha kuufuta. Dakika za mwisho, timu zikiwa hazijafungana, mpira ulipigwa golini, na kipa, kijana wa miaka kumi na mitano hivi, akauangukia pale pale palipokuwa na mstari. Upande mmoja ukapiga kelele, “Goli!” Upande mwingine, “Bado!” Refa, mwalimu mstaafu, alikuwa mbali, kwa kuwa mbio zake si za ujana tena. Hapakuwa na kamera, wala simu iliyokuwa imeelekezwa kule.

Mzee alikuja polepole, akawatuliza watu kwa mkono, akainama, akamwuliza kijana kwa sauti ya chini, “Mjukuu wangu, wewe ndiwe uliyekuwa na mpira. Umepita?” Kijana akamtazama, akawatazama wenzake, akainamisha kichwa. “Umepita, babu.”

Mzee akapuliza filimbi, akaonyesha katikati. Bao.

Tulidhani watu watampigia kijana makofi. Haikuwa hivyo. Wenzake walimwita msaliti. Mtu mzima mmoja, mwenye heshima kanisani, alipaza sauti kwamba kijana yule asipewe jezi tena. Nasi, ambao asubuhi ile ile tulikuwa tumehubiri, tulisimama chini ya mwembe, tukanyamaza, tukijiambia kuwa mambo ya mpira yatakwisha yenyewe. Kijana alivua glavu zake, akaondoka peke yake kabla mbuzi hajatolewa. Wasomaji wetu watuwie radhi: makala haya twayaandika ili kulipa sehemu ya deni lile.

Maana kijana yule alifanya jambo ambalo mabingwa wengi wa dunia hawakulifanya. Kuna mmoja twamkumbuka. Tarehe 26 Septemba 2012, Miroslav Klose, akiichezea Lazio dhidi ya Napoli, alitia mpira wavuni kwa mkono. Refa hakuona, akakubali bao. Klose mwenyewe alimwendea, akamwambia kweli. Bao likafutwa, wachezaji wa Napoli wakamshika mkono, na timu yake ikafungwa 3 kwa 0. Klose alisifiwa na magazeti ya dunia. Kijana wa Misunkumilo hakusifiwa na mtu yeyote, hata na padre. Mungu peke yake ndiye aliyemwona, na pengine malaika wake mlinzi.

Amri ya nane yatukataza kushuhudia uongo. Wengi wadhani amri hiyo yahusu maneno ya mahakamani tu. Lakini mchezaji ajiangushaye bila kuguswa ashuhudia uongo kwa mwili wake mzima. Ajishikaye uso alipoguswa begani, ashuhudia uongo. Mlinzi ainuaye mkono kudai kona huku ajua kuwa mpira ulimgusa yeye wa mwisho, ashuhudia uongo. Na mtazamaji aapaye kwa jina la Mungu kwamba mpira haukupita, naye alikuwa amesimama mbali asikoweza kuona, ashuhudia uongo, tena kwa kiapo. Wala tusiseme ni mchezo tu. Kijana aliyezoea kumdanganya refa kwa ajili ya mbuzi, atashindwaje kudanganya kwenye mizani ya mahindi, au kwenye hesabu za ushirika, au mbele ya mke wake?

Na dawa twaijua. Refa aendapo kutazama picha, asimamisha mchezo, ajitenga na kelele, aangalia tendo lililopita jinsi lilivyokuwa, si jinsi alivyopenda liwe, kisha arudi na kusema, “Nilikosea.” Hivyo ndivyo tufundishwavyo kufanya kila jioni tunapojichunguza dhamiri, na kila twendapo kwenye kitubio. Lakini pana tofauti kubwa. Uwanjani picha huletwa na mashine, na mkosaji hupewa adhabu. Kwenye kitubio twaileta picha sisi wenyewe, nasi twapewa msamaha. Zakayo hakungoja mashahidi. Alisimama mwenyewe, akaahidi kurudisha mara nne.

Basi tufanye nini? Tarehe 1 Juni 2018, wiki mbili hivi kabla ya Kombe la Dunia la kwanza lenye VAR, Idara ya Vatikani inayoshughulikia Walei, Familia na Uhai ilitoa hati juu ya michezo, ikikumbusha kuwa wajibu si wa wachezaji peke yao, bali pia wa wazazi, makocha na watazamaji. Nasi twapenda kusema na watu wa namna tatu.

Kwanza, wazazi. Mtoto akirudi kutoka mpirani, tumezoea kumwuliza, “Mmeshinda?” Tumwulize pia, “Mmecheza kwa haki?” Akikuambia kuwa alisema kweli na timu yake ikafungwa, usimcheke wala usimwite mjinga. Mwandalie chakula chake kwa furaha, kwani siku hiyo umepata mwana.

Pili, waandaaji wa michuano ya mchangani, wa parokia na wa vijiji. Kamera hatuna, na miaka mingi itapita kabla ya kuzipata. Lakini yako marekebisho yasiyogharimu hata senti. Katika mashindano ya Ulaya ya mwaka 2024, huko Ujerumani, iliamriwa kwamba nahodha peke yake ndiye amwendee refa kuuliza jambo. Wengine wakae mbali. Sheria hiyo yafaa Misunkumilo kama ifaavyo Berlin. Tena refa asile kwa timu moja kabla ya mchezo, wala asiahidiwe kitu na mtu. Na sheria iwe ya kutekelezeka. Kwa miaka mingi kipa aliyekaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 6 alipaswa kuadhibiwa vikali, na kwa ukali huo marefa walifumba macho. Tangu Julai 2025 amepewa sekunde 8, na adhabu imekuwa kona, ili refa asiogope kuitoa. Afadhali sheria nyepesi ifuatwayo kuliko nzito ichekwayo.

Tatu, sisi watazamaji. Refa wa mchangani hana ulinzi. Ni baba wa mtu, ni jirani, labda ni katekista. Tukimtukana leo na kumrushia mawe kesho, ni kijana gani atakayekubali kushika filimbi? Na wale waliotia fedha katika mikeka ya kubahatisha matokeo wajihadhari: mwenye fedha yake katika bao huona bao hata pasipo na bao. Kukosea kwa refa si dhambi. Kumdanganya ni dhambi, na kumpiga ni dhambi zaidi.

Twatumaini kuwa siku moja viwanja vyetu vyote vitapata vyombo vyema, na kwamba machozi ya Pretoria hayatarudi. Lakini siku hiyo hata ikifika, ajuaye kwanza kama mpira umepita atakuwa yule yule aliyeushika. Hukumu yetu ya mwisho nayo haitahitaji picha, kwa maana Hakimu mwenyewe aliona.

Na kwako, kijana wa Misunkumilo, ikiwa gazeti hili litakufikia: tulikuwapo, tuliona, tukanyamaza. Tusamehe. Ulisema kweli. Rudi uwanjani, uvae glavu zako, na Mama Bikira Maria akuombee usiache kuisema. Nasi siku nyingine hatutanyamaza.